Siku ya Berkane mzee alijua kabla yetu

Watu wanadhani mwenye kibanda umiza ndo anafaidi mechi kuliko wote. Hamna kitu. Mi ninacho kimoja hapa Kirumba, ukishuka kuelekea Mwaloni kabla hujafika sokoni kwenyewe, mabati juu, turubai ubavuni, mabenchi 14 na projekta moja ambayo taa yake imeshazeeka, nyasi za uwanjani zinatoka rangi ya kisamvu kilichokaa jikoni siku mbili. Mechi za wenzetu naangalia vizuri tu. Mechi ya Simba siangalii, nahesabu vichwa, nakimbizana na watoto wanaopenya chini ya turubai, nasikilizia jenereta inavyokohoa, alafu goli likiingia mi niko mlangoni natafuta chenji ya mtu aliyekuja na noti ya elfu kumi. Sasa mwaka 2025 nikasema hapana aisee, fainali hii ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco, naikalia kwenye benchi kama mteja. Hapo ndo nilipojiponza.

Kwanza ujue mi Simba nimerithi, sikuchagua. Mzee wangu ni fundi mitumbwi, sahivi mikono haimruhusu tena kushika randa ila pale Igogo jina bado analo. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikaenda Abidjan kwa Stella ikatoka 0-0, marudiano Dar. Mzee anasema wiki ile pale kwao hakuna aliyekuwa anajadili kama tutashinda, mjadala ulikuwa kombe litazungushwa mikoani au litabaki Msimbazi, na kama litakuja Mwanza litakuja kwa treni au kwa ndege. Yeye na mafundi wenzake walikuwa na redio moja, wakaiweka juu ya mtumbwi uliopinduliwa, betri wamezianika juani tangu asubuhi zipate nguvu, wanasikiliza RTD. Zikaingia mbili, zote za Stella, hapo hapo Dar, nyumbani. Anasema filimbi ilipolia hakuna aliyeinuka kuizima redio, iliendelea kuongea yenyewe mpaka taarifa ya habari, mpaka matangazo ya vifo, watu wazima wamekaa kwenye vumbi la mbao wanasikiliza nani kafariki Kondoa na ndugu wa Tukuyu wafahamishwe.

Tangu hapo mzee ana imani yake moja, kwamba droo ya ugenini ni sumu. Timu ikienda ugenini ikatoka droo anakuwa mnyonge wiki nzima, mama alikuwa anadhani anaumwa.

(Na kabla hujaniuliza swali ambalo kila mtu ananiuliza, mtoto wa Mwanza inakuwaje ushabikie timu ya Dar wakati Pamba ipo. Pamba naipenda, iliporudi ligi kuu 2024 baada ya miaka 23 nilikuwepo Kirumba uwanjani na nililia kabisa, TP Lindanda ni ya nyumbani. Ila Simba sijui niseme nini, ni kama ukoo, huwezi kuhama ukoo kwasababu umepata jirani mzuri.)

Tarehe 17 Mei usiku, mechi ya kwanza, kule kwao Berkane. Mi nilikuwa bado nipo mlangoni siku hiyo, kwa hiyo niliiona vipande vipande. Dakika ya 8 moja. Dakika ya 14 mbili. Watu walikuwa bado wanaingia! Kuna jamaa mmoja dereva wa bajaji alilipa buku lake akakaa akauliza ngapi ngapi, akaambiwa mbili bila, akashangilia, akapiga na makofi, ilibidi mtu amguse bega amuelekeze nani kafunga nani. Tulikuwa tunawadharau wale watu bwana. Mji wenyewe unajulikana kwa machungwa, hata jezi zao rangi ya chungwa, tukasema ingekuwa Wydad au Raja sawa lakini hawa wakulima wa machungwa, tukasahau kwamba hao wakulima wameshalichukua Kombe la Shirikisho 2020 na wakalichukua tena 2022. Sisi kombe la Afrika hatujawahi kulishika hata kwa kuazima.

Mechi imeisha 2-0 nikadhani kibanda kitatoka kimya. Wapi. Watu walitoka wanapiga hesabu. Na hapa ndo nataka niseme vizuri, kwasababu kufungwa nimefungwa mara nyingi na nalala, ila ile wiki ya kati, kuanzia tarehe 17 mpaka 25, sijawahi kupitia kitu kama kile. Maana tulikuwa na ushahidi. Aprili tu hapo, robo fainali, Al Masry walitupiga 2-0 Misri, wakaja Dar, uwanja wa Mkapa, tarehe 9 tukawarudishia zile zile mbili, Mpanzu na Mukwala, tukawatoa kwa penati. Mbili bila, zikarudishwa. Sasa hizi nazo si mbili bila? Alafu mwaka 2022 makundi, hao hao Berkane walitupiga 2-0 kwao, walivyokuja Dar Sakho akawafunga. Mtu yeyote aliyekuwa anashuka Mwaloni wiki ile asubuhi alikuwa na hiyo hesabu kichwani, muuza kahawa anayo, wapakuzi wa dagaa wanayo, mama ntilie ambaye hajui ofsaidi ni nini alikuwa anakwambia "si mlishawahi kurudisha mbili nyie", basi ikawa kama imeshatokea, imebaki tu kwenda kusaini.

Nikaenda kwa mzee Igogo nikamkuta kafurahi. Nikamuuliza baba, tumefungwa mbili unafurahi nini. Akasema, "Mwaka 93 tulianza na droo. Safari hii tumeanza na kipigo. Labda." Hiyo labda ya mzee ndo iliyonimaliza, maana yeye sio mtu wa labda, ni mtu wa hapana.

Kulikuwa na lile la uwanja pia. Mechi ilitakiwa iwe kwa Mkapa, watu 60,000, ikahamishiwa Zanzibar, Amaan, ambako hata robo ya mashabiki wale wanaoingia taabu. Watu walilalamika sana, wengine mpaka leo wanasema tungechezea Mkapa tungechukua. Mi sikubaliani nao kihivyo. Stella alitufungia Dar, uwanja umejaa mpaka kwenye miti. Uwanja haufungi goli.

Basi tukaamua kuchanga mbuzi. Wazo sijui lilianzia wapi, nadhani lilianzia kwangu ila siku hizi nakataa. Watu 31, elfu tano tano, jumla 155,000, nikaenda Buhongwa nikachukua beberu mmoja kwa 130,000, inayobaki mkaa na ndizi. Nikamfunga nyuma ya kibanda kuanzia Ijumaa. Kila anayepita anamsalimia. Kuna mtu akamvalisha skafu nyekundu, akaila.

Shemeji yangu alikuja Jumamosi kumuona. Huyu ni mume wa dada yangu, fundi pikipiki, Yanga wa damu. Akamuangalia yule mbuzi muda mrefu akasema, "Shem, huyu mnyama umemnunua kabla ya mechi?" Nikamwambia ndio. Akatikisa kichwa akaondoka, hakucheka. Na alikuwa na haki ya kucheka kuliko mtu yeyote, maana 2023 nilimfanyia kitu kibaya. Yanga walifika fainali hiyo hiyo ya Shirikisho na USM Alger, tarehe 28 Mei wakafungwa 2-1 kwa Mkapa, Mayele kasawazisha dakika za mwisho mwisho watu hawajamaliza hata kushangilia Waarabu wakaweka la pili. Juni 3 wakaenda Algiers. Wakashinda! Penati ya Djuma Shaban mapema kabisa, moja bila, ikaenda hivyo hivyo mpaka mwisho, jumla 2-2, kombe likabaki kule kwasababu ya goli la ugenini. Yaani umeshinda mechi ya fainali na umekosa kombe, hebu fikiria. Shemeji alikuwa benchi la tatu kaweka kichwa kwenye magoti. Mi nikaongeza spika nikaweka wimbo wa Simba. Kwenye kibanda changu, mtu kalipa buku lake, ni mume wa dada yangu, nikamuwekea wimbo. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa siku yenyewe, Jumapili tarehe 25. Kwa wasiojua mambo ya huku, dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika nchi kavu, na giza likiingia ndo msimu wa kazi. Tarehe ile ilikuwa giza lenyewe, mwezi karibu hakuna, usiku wa hela. Wavuvi wote walitakiwa wawe ziwani. Ila mechi ilikuwa jioni jua bado kali, wakapiga hesabu zao, mpira ukiisha wanashuka moja kwa moja mwaloni wanasukuma mitumbwi. Kwa hiyo wamekuja kibandani na makoti yao ya usiku, mabuti, taa za sola, mtu mmoja kaja na kasia kabisa, nikamwambia ngosha hilo liache nje. Na mechi ya mchana ni adui wa projekta, mwanga ukiingia hata kidogo picha inapotea, ikabidi tuzibe kila tundu, turubai, mablanketi, magunia ya dagaa. Joto lake sisimulii. Na harufu.

Nilimuweka kijana mlangoni na nikamleta mzee kutoka Igogo kwa bodaboda nikamkalisha benchi la mbele. Mzee macho yanamsumbua, picha anaiona ukungu ukungu, akaja na kiredio chake kidogo na waya wa sikio moja. Nikamwambia baba hapa sauti ipo, spika mbili kubwa. Akasema yeye mpira wa fainali anausikiliza redioni. Nikaacha.

Ambacho sikufikiria, na mi ndo mtaalamu wa vingamuzi mtaa mzima, ni kwamba picha ya kingamuzi inachelewa. Inatoka uwanjani inapanda mpaka kwenye setilaiti huko juu, inashuka, kingamuzi nacho kinachukua muda wake kuifungua, ndo wewe unaiona. Redio haina hiyo safari ndefu. Tofauti yake ni sekunde chache tu, hata huwezi kwenda kununua maji ukarudi. Siku za kawaida hakuna anayejali.

Dakika ya 17 mzee akasimama. Peke yake. Mikono juu, anatetemeka, "Eeeh! Eeeh!" Nyuma yake watu wanapiga kelele, mzee kaa chini, mzee unaziba, na kwenye ukuta mpira bado uko mbali na goli. Nikamshika shati nimkalishe. Ndo Mutale akafunga.

Siwezi kuelezea kilichotokea humo ndani. Benchi mbili zilivunjika. Mtu wa kasia aliingia na kasia. Mi nilijikuta namkumbatia mvuvi ambaye simjui ananuka mafuta ya taa na nilikuwa namuita mwanangu mwanangu. Na vumbi lilipotulia ikaanza minong'ono, huyu mzee alijuaje, mzee alijuaje, mpaka mtu mmoja mwenye akili akaona waya sikioni. Basi tena. Kuanzia pale hakuna aliyeangalia ukuta. Nakwambia ukweli, watu wamelipa buku buku kuangalia projekta wakageuka wanamuangalia baba yangu. Wa nyuma wakalalamika hawamuoni, akageuzwa, akakalishwa upande upande, kiti cha plastiki juu ya kreti, amekaa kama mgeni rasmi. Mpira ukifika eneo la hatari watu wanamuangalia mdomo. Akimeza mate, watu wanameza mate.

Mapumziko 1-0. Jumla 2-1. Bado moja tu twende penati, na penati tuna Camara golini, yule yule wa Al Masry. Hapa nilifanya mambo mawili ya kijinga kwa dakika kumi na tano. Nilitoa kreti mbili za soda bure. Na nilimwambia kijana awashe mkaa.

Nimeshafikiria sana hili jambo, usiku kibandani nikishafunga. Lile goli la Mutale nalipenda na nalichukia. Tungefungwa tu mapema, au ingebaki 0-0 mpaka mwisho, watu wangetoka pole pole kuanzia dakika ya 70, mmoja mmoja, kila mtu na huzuni yake ndogo anayoweza kuibeba mfukoni. Goli lile likatufunga wote mle ndani. Mtu akiwa amekosa kabisa anakata tamaa anaenda zake kulala, anayebakiza kimoja ndo anateseka, kama kuvuta wavu unaona kabisa samaki yupo. Biashara ya kibanda umiza inaendeshwa na hicho kimoja kinachobaki, najua, nakula kwa hicho. Ila sikuwahi kukaa upande ule wa benchi nikakiona usoni.

Kipindi cha pili hakijachanganya, mzee akafunga macho. Watu, nini, nini mzee, akasema "katolewa." Kagoma, kadi nyekundu. Tukasubiri. Ikaja kwenye ukuta. Unajua ni kitu cha ajabu sana kuangalia mchezaji anakimbilia mpira na wewe unajua tayari anaenda kufanya nini, unataka kumwambia acha, acha bwana mdogo, na hakusikii, na hata angekusikia imeshapita.

Watu kumi. Na walicheza, hilo siwezi kuwadhulumu, walicheza. Mzee akasimama tena, safari hii kibanda kizima kikasimama naye bila kuuliza, tunashangilia goli ambalo halijafungwa, mpira kwenye ukuta ndo kwanza unapigwa, Mukwala kafunga kweli, tunaruka, mbuzi nje anapiga kelele, na katikati ya kuruka namuona mzee anakaa. Sisi bado tunaruka. Yeye ameshakaa. Kaweka kidole kwenye waya anaubana sikioni asikie vizuri. Nikajua. Nilikuwa mtu wa kwanza kujua baada yake na sikusema, niliendelea kupiga makofi pole pole, mpaka refa akaonyesha alama ya VAR kwenye ukuta. Ofsaidi.

Baada ya hapo nilimuomba. Nilienda nikachuchumaa nikamwambia baba toa hiyo kitu, au basi geukia ukutani watu wasikuone. Akanijibu, "Mi sijamwambia mtu aniangalie." Kweli hakumwambia mtu.

Dakika za nyongeza. Simba wote mbele, presha, kona, watu wanaimba ubaya ubwela na sauti zimeshakatika. Kama kweli ingeingia moja pale, na kwenye ukuta ilikuwa inaonekana inaweza kuingia, tungeenda penati. Mimi nilikuwa nimejiapiza siangalii upande wa mzee. Nikamuangalia. Alitoa waya sikioni taratibu, akauzungushia kwenye kiredio mara tatu nne kama anavyofunga kamba, akakiweka mfuko wa shati, akafunga na kifungo. Alafu akaangalia mikono yake.

Humo ndani kukawa kimya kabla hawajafunga. Sijui kama naeleweka. Timu yetu ilikuwa bado inashambulia, mtangazaji wa kwenye spika bado anapandisha sauti, na watu zaidi ya mia wamekaa kimya wanasubiri kitu ambacho kimeshatokea. Kisha mpira ukapotea, ukaenda kule, Sidibé, 1-1. Jumla 3-1. Hakuna aliyesema hata oh.

Sasa mi nimejiuliza, zile sekunde. Kama ningeangalia ukuta ningekuwa nazo, ningekuwa na sekunde chache zaidi za kuamini, mpira uko mbele, lolote linaweza kutokea. Nilizitupa mwenyewe kwa kugeuza shingo. Mvuvi mmoja mtu mzima aliniambia heshima ni kujua mapema, dhoruba ukiiona mbali unajipanga. Mke wangu anasema upuuzi, bora usijue mpaka ikukute. Mi bado sijapata jibu, siku nyingine nipo na mvuvi, siku nyingine nipo na mke wangu.

Walitoka wavuvi kwanza, maana giza lilikuwa linaingia na kazi ni kazi. Wamevaa makoti yao, wamebeba taa, wanashuka mwaloni mstari mmoja bila kuongea, ungewaona ungedhani wanatoka kuzika. Yule wa kasia alilisahau, akarudi, akalichukua, akaniangalia kama anataka kusema kitu akaghairi.

Shemeji alikuwepo. Sikujua, alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na jenereta. Akaja, nikajiandaa, nikasema sasa hapa nalipa deni la 2023 na riba yake, aweke wimbo, aweke chochote, spika zile pale. Akanishika bega akasema, "Pole shem." Basi. Akaanza kunisaidia kuokota mabenchi yaliyovunjika. Jamani matusi ya mtu wa Yanga nimeyazoea, nina majibu yake, mengine nimeyatunza tangu nasoma shule ya msingi. Pole ya mtu wa Yanga haina jibu. Nilimwambia nenda nyumbani, dada anakusubiri, akasema hamna shida tunyanyue hili la mwisho, na hapo ndo machozi yakanitoka, kwenye benchi la mwisho, mtu mzima na watoto watatu.

Mzee njia nzima kwenye bodaboda hakuongea, nilikuwa nimekaa nyuma yake namshikilia. Tumefika Igogo anashuka akaniuliza kama kibandani kwangu kuna betri ndogo, za kwake zimeisha. Nikamwambia zipo. Akasema kesho niletee.

Kuhusu mbuzi. Jumapili usiku watu nane walinipigia wanataka elfu tano zao. Jumatatu wakawa kumi na tano. Wengine wanasema mchango ulikuwa wa ushindi, ushindi hakuna, hela irudi. Wengine wanasema mchango ulikuwa wa mbuzi, mbuzi yupo, aliwe. Ikawa kesi kabisa, watu wamekaa kwenye mabenchi wanabishana kama baraza la ukoo, mpaka shemeji akapita akasema, "Nyie, mbuzi hana timu." Tukamchinja Jumanne. Tumekula kimya kimya, ndizi na chumvi, hakuna aliyeweka muziki, na shemeji alipewa ini maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuligombania. Soda zangu kreti mbili mpaka leo hakuna aliyezikumbuka, na wala sio kwamba nadai.

Sheria mpya niliyoandika kwa chaki mlangoni ni moja, REDIO HAZIRUHUSIWI NDANI. Unaijua Mwanza, ndo nimewapa wazo, sasa hivi kila mechi kubwa kuna kijana anasimama nje ya turubai na simu sikioni anauza habari kwa walioko ndani, mia mia. Mzee peke yake ndo anaingia nayo. Nimemtengea kona, nyuma ya wote, hakuna anayemuona isipokuwa mimi.

Ila nilisahau kusema la Jumatatu asubuhi. Niliamka mapema nikashuka Mwaloni kununua dagaa wa nyumbani, nikamkuta yule mvuvi wa kasia anatandaza. Nikamuuliza usiku ulikuwaje. Akasema ziwani huko giza tupu, wao wametulia wamewasha taa wanasubiri dagaa wapande, mara mtumbwi wa jirani ukaanza kupiga kelele, Sidibéee, na wa upande wa pili ukaitikia, Sidibéee, kumbe wamezungukwa na Yanga maji yote yale, sauti inatembea juu ya maji hujui inatoka wapi.

Nikamuuliza, na nyie mkafanyaje?

Akageuza dagaa kwa mkono, akasema, "Tulizima taa."